Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Stendi, Mintarafu ya Mpwa Wangu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Stendi Kuu ya Mabasi,

Baada ya salaam na taadhima zinazomstahili mtu ambaye kila alfajiri hukusanya chini ya mamlaka yake umma wa watu, mizigo, kuku na vyombo vya moto, nakuarifu kuwa mimi ni mzima, na mpwa wangu ni mzima vilevile, ijapokuwa tulitoka mikononi mwa stendi yako kwa njia mbili mbalimbali, na ya kwake ndiyo iliyokuwa njia sahihi. Jina la stendi silitaji, wala la kampuni ya basi, kwani nia yangu si kukuvunjia heshima. Tena nachelea kuwa nikiitaja moja, nyingine zote zitadhani zimesifiwa.

Nimelisoma tangazo lako lililobandikwa juu ya dirisha la tiketi, lisemalo kuwa wazazi na walezi wanaonywa wasiwaache watoto wasafiri peke yao, kwa sababu stendi ni mahali pa ghasia na hatari nyingi. Nililisoma mara mbili. Nimepata kumwona mwenye nyumba akiandika langoni pake “Mbwa mkali”, nikamshukuru kwa insafu yake. Lakini mwenye nyumba huyo, akiisha kuandika, humfunga mbwa mnyororo. Wewe, Mheshimiwa, umeandika kibao, ukamfungulia mbwa, kisha ukamtoza mpita njia kiingilio.

Suala la kama kijana wa miaka 13 aweza kusafiri peke yake lilikwisha kuamuliwa na wakubwa wako kabla wewe hujanunua gundi ya kubandikia tangazo. Kila mwaka watoto waliomaliza darasa la saba hupangiwa shule za sekondari, na baadhi yao, kwa sababu ya kuwashinda wenzao, hutunukiwa bweni lililo mbali na mama zao: Ilboru kule Arusha, Kilakala kule Morogoro, Msalato kule Dodoma, au Tabora, ya wavulana na ya wasichana. Mpwa wangu alipangiwa shule moja mkoani Iringa, nasi tunaishi pwani. Fomu ya kujiunga ilimtaka afike na godoro, shuka, ndoo, fagio, rimu ya karatasi, jembe na kwanja. Basi mtoto aliyeaminiwa na dola kwa jembe na kwanja, wewe humwamini kwa tiketi.

Wala jambo hili si geni. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, mwaka 1922 alikuwa tayari mwanafunzi Dar es Salaam. Na Julius Nyerere wa Butiama aliingia shule ya Tabora mwaka 1937, akiwa kijana wa miaka takriban 15. Katika nchi hii elimu imekuwa safari kabla ya kuwa darasa, na mwenye kuogopa barabara hakukifikia kitabu. Tofauti ni kwamba zamani hizo mtoto alitakiwa kujua njia tu, na leo hutakiwa kuijua njia na kuijua stendi, na hii ya pili ndiyo ngumu.

Niruhusu sasa nikueleze jinsi mtoto huyo anavyoonekana katika macho ya wenye madaraka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humwita mtoto, kwa kuwa hajatimiza miaka 18. Dirisha la tiketi lilimwita mtu mzima, likamtoza nauli kamili. Wapiga debe humwita “mdogo wangu”, hasa wanapolishika begi lake. Na tangazo lako halimwiti kwa jina lolote, lamkataza tu. Tiketi humtaka awe na nambari ya simu, na shule humtaka asiwe na simu. Nakiri kuwa mimi, niliyekwisha kula chumvi ya miaka 58, nisingaliweza kuwa watu wote hawa kwa siku moja bila ya kuugua.

Tena tiketi yenyewe ilikuwa fumbo. Palipoandikwa saa ya kuondoka paliandikwa 12:00, bila ya neno jingine. Mimi, kwa usomi wangu, nilishikilia kuwa ni adhuhuri, nikaanza kumpangia mtoto chakula cha mchana. Yeye aliitazama kwa makini, akasema kwa adabu, “Mjomba, basi likiondoka adhuhuri nitafika usiku wa manane, na fomu yasema kuripoti mwisho saa kumi na mbili jioni. Nadhani hii ni saa kumi na mbili ya asubuhi, kwa saa yetu.” Ilikuwa ndivyo. Laiti ningaliachiwa mimi, basi lingaliondoka naye angali anaoga.

Usiku ule bibi yake alifumua pindo la suruali yake, akashona ndani yake noti za akiba. Nami nilimpa wasia wa kiume. Nilimwambia asilitambue basi kwa rangi, kwani magari ya kampuni moja hufanana kama mapacha, bali alitambue kwa nambari za usajili. Na kwamba gari likisimama mahali kwa “dakika kumi”, azihesabu kuwa tano. Neno la mwisho lilitoka kwa bibi, nalo lilikuwa bora kuliko yangu yote: “Mjukuu wangu, ukipotea, muulize mtu uliyemchagua wewe, usimjibu aliyekuchagua yeye.”

Tulifika langoni pako kabla ya mapambazuko. Nilitozwa kiingilio cha msindikizaji, nikapewa karatasi ndogo isiyoeleza basi la Iringa liko wapi. Hapakuwa na ubao, wala sauti itangazayo, wala mtu aliyevaa sare ila yule aliyepokea fedha. Hatukupiga hatua ishirini, vijana wanne wakatuzingira, kila mmoja akiutaja mji wake kwa nguvu, na mmoja wao akalinyakua sanduku la bati la mpwa wangu, la buluu, lenye jina lake kwa rangi nyeupe, akalipandisha begani huku akiapa kuwa “bado mmoja tu gari liondoke”. Mimi nilifoka. Nilitaja sheria, nikataja polisi, nikamtaja na mtu mkubwa ambaye simjui. Wala hapana aliyenisikia. Mpwa wangu alimwendea yule kijana, akasimama mbele yake, akasema kwa sauti ya kawaida, “Shikamoo kaka. Sanduku ni langu, na tiketi yangu ni ya gari jingine. Naomba uliweke chini.” Kijana yule alimtazama kwa kitambo, kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha aliyoisahau, akaliweka sanduku chini taratibu, akamwonyesha kwa kidole lilipo basi lake. Maamkio yalifanya kazi ambayo ulinzi wako haukuifanya.

Ndipo mimi, nikiona fahari ya kiungwana, nilipomwambia mtoto angoje penye nguzo, nitangulie kulihakiki gari. Nililiona basi la rangi ileile, nikauliza kama ni lenyewe, nikaambiwa “ndilo, panda mzee”, nikapanda ili kukitazama kiti chake, nikasukumwa nyuma na gunia la mtu, mlango ukafungwa. Lilikuwa basi la Arusha. Niliposema kuwa mimi ni msindikizaji, abiria walicheka, na kondakta akanitaka nauli. Nililipa, Mheshimiwa, mpaka Chalinze, na kwa kuwa nilikuwa nimetoka nyumbani na fedha za msindikizaji tu, nilishuka hapo nikiwa na sarafu mbili na karatasi yako ya kiingilio.

Chalinze, kama ujuavyo, ndipo njia zinapoachana: ya kushoto huenda Morogoro na Iringa, ya kulia huenda Segera, Tanga na Arusha. Nilikaa katika njia panda hiyo miongoni mwa wauza machungwa, nikiwaza nitamwambia nini dada yangu kwa kumpoteza mwanawe, hata likaja basi jingine la rangi ileile, likasimama, wachuuzi wakaliinulia vikapu vyao. Na katika dirisha la pili nyuma ya dereva nikauona uso niujuao.

“Shikamoo mjomba,” alisema mpwa wangu. “Kumbe ulikuja kunisindikiza mpaka huku?”

Nikasema marahaba, kwa kuwa halikunijia neno jingine. Alikuwa ameningoja penye nguzo kwa muda aliouona unatosha. Kisha akamtafuta mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliyekuwa akienda Mafinga, akamwonyesha tiketi, wakalifuata gari pamoja, akazilinganisha nambari za usajili, akahakikisha sanduku limeingia buti, akakaa. Aliponiona nimesimama bila ya haraka ya kwenda popote, alinitazama miguu, akanitazama mifuko, akafumua pindo kwa meno, akanipitishia dirishani nauli ya kunirudisha mjini. Basi likaondoka. Alifika Iringa kabla ya jua kutua, na mlezi wa bweni akatupigia simu.

Yaliyobaki ya safari yake niliyapata kwa barua aliyoandika baadaye. Aliniambia habari za vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, na za mlima Kitonga, ambapo malori hupanda yakitweta na abiria hunyamaza. Lakini lililomshangaza zaidi ni Mikumi. Barabara kuu hupita katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na humo, alisema, ameona vibao vya kupunguza mwendo, na matuta, na ubao unaotaja kila mnyama na faini ya mwenye kumgonga. Aliuliza kwa nini stendi haina ubao kama ule. Sikuwa na jibu, nami nalileta swali lake kwako kama lilivyo: twiga avukaye barabara anajulikana thamani yake, na mwenye kumdhuru anaijua; mtoto avukaye uwanja wako thamani yake imeandikwa wapi?

Sisemi kuwa hatari hazipo, wala sipendi msomaji wa barua hii amsukume mwanawe garini kesho kwa sababu ya ushujaa wa mpwa wangu. Wapo watoto wa miaka 13 wasioweza kuvuka barabara bila ya kushikwa mkono, na wapo wazee wa miaka 58 wasioweza kuachwa na basi lililofunguliwa mlango. Tena msichana wa umri huohuo hukutana na jambo ambalo mvulana aghalabu hakutani nalo: mtu mzima mwenye heshima ya nguo, amnunuliaye soda bila ya kuombwa, akamuuliza anashukia wapi na nani anampokea. Kwa mtu huyo maamkio hayatoshi. Patakiwa jicho la mwenye mamlaka. Na tangu mwaka 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, lipo giza ambalo jicho hilo lapaswa kuliona.

Lakini hatari zote hizi, ukizichunguza, hazimo katika umri wa mtoto. Mpwa wangu alikuwa tayari. Aliyekuwa hajabaleghe ni stendi. Jando la mvulana lina siku zake na mafunzo yake, likiisha huvishwa nguo mpya akatoka. Jando la stendi yako sijui litaanza lini. Siku ya uzinduzi hukatwa utepe, hotuba husomwa, majengo husifiwa, na kesho yake abiria huachiwa aulizane na mpiga debe.

Kwa hiyo naomba mambo manne, yote kwa gharama isiyozidi ile ya utepe. Kwanza, ubao mmoja mkubwa langoni, uandikwe kwa Kiswahili mji liendako gari, nambari zake za usajili na mahali liliposimama, pamoja na saa yenye neno asubuhi, mchana au usiku. Pili, meza moja na mtu mmoja mwenye sare, mwanamke na mwanamume kwa zamu, ambaye kazi yake si kupokea kiingilio bali kujibu maswali, ili mtoto apate wa kumchagua. Tatu, mtoto asafiriye peke yake aandikwe katika orodha ya kondakta jina lake, kituo chake na simu ya ampokeaye, naye asishushwe ila hapo. Nne, tangazo lako libanduliwe, na mahali pake liwekwe jingine lenye kuwaonya wapiga debe juu ya watoto, badala ya kuwaonya wazazi juu ya wapiga debe.

Likizo ya Desemba imekaribia. Maelfu ya watoto watafunga masanduku yao ya bati na kurudi makwao, na mpwa wangu atapita uwanjani kwako akiwa ametimiza miaka 14. Dada yangu ameamuru nisiingie ndani kumpokea. Nitakaa nje ya lango, penye mti wa mwarobaini, na mtoto amekwisha kuniandikia nisiondoke hapo mpaka atakapokuja kunichukua.

Wako mtiifu,
Mjomba wa abiria