Ufundi wa Soketi kwa Mwenyeji Asiye na Adapta

Mgeni wako anatoka Ujerumani, ameshukia Mwanza, na jioni atakuwa Sengerema akiwa na simu inayokaribia kuzima. Zamani ungekuwa na nafasi. Foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi ilitosha kumtuma mtoto sokoni akanunue adapta, arudi, atumwe tena kwa kuwa kaleta isiyo yenyewe. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita 3, na mgeni anavuka hujamaliza kufagia. Basi achana na adapta. Fanya kama sisi.

Hatua ya kwanza. Pokea chaja kwa mikono miwili. Tazama pini zake mbili za mviringo, tazama soketi yako ya matundu matatu ya pembe nne, halafu tabasamu kama mganga aliyewahi kuuona ugonjwa huu. Akisema haiingii, mjibu, "Itaingia tu, mwanangu."

Siri iko kwenye tundu la juu, lile la waya wa ardhi. Soketi hizi ni za Waingereza, walizitolea viwango mwaka 1947. Pini ya juu ya plagi yao ni ndefu kuliko wenzake ili itangulie kuingia na kusogeza vifuniko vilivyoziba matundu mawili ya chini, mtoto asije akachokoa. Mwingereza alikuna kichwa kweli kweli kuutengeneza mlango huo. Wewe utaufungua kwa kalamu.

Hatua ya pili, kalamu yenyewe. Iwe ya plastiki, wino umekwisha. Unachotaka hasa ni kifuniko chake, tena kile kilichotafunwa na mwanafunzi wa darasa la tano mpaka kikabapa. Kile kiulimi cha kuning'inizia mfukoni ndicho ufunguo. Kijiti kikavu nacho kinakubali. Wapo wanaotumia msumari. Hao hawaandiki miongozo.

Hatua ya tatu. Zima swichi ya soketi, lakini mgeni asikuone. Mpe kazi ndogo, mwambie aangalie kama mbuzi wameingia kwenye mahindi. Akigeuka akukute umeshakandamiza kifuniko juu na chaja iko chini, unapuliza vidole. Chaja italegea, maana pini za Ulaya ni nyembamba kwa matundu haya. Iegemeze kwa kitabu kinene. Ikitoa cheche sema, "Umeona? Inashika." Ikianza kunuka, chomoa, useme simu imeshiba.

Na waya wa ardhi? Sasa mahali pake amekaa kifuniko cha kalamu, naye hapeleki umeme popote. Kwa chaja ndogo ya simu si neno, yenyewe haiutumii waya huo. Kwa pasi ya chuma, bora mgeni avae nguo zenye mikunjo. Msifu, mwambie zimempendeza.

Akija Mmarekani, ongeza ujanja. Kwao umeme ni volti 120, kwetu 230. Chaja nyingi za simu zimeandikwa kwa herufi za kisisimizi kwamba zinapokea 100 hadi 240. Soma kwa siri ukijifanya unaifuta vumbi, kisha ipime uzito kiganjani, funga macho, utangaze, "Hii inahimili." Atakuheshimu mpaka anaondoka.

Kikausha nywele ndicho kitakachokuumbua. Vingi vya kwao havijui volti zetu, na ukikichomeka kitataka kutoa joto karibu mara nne ya lile kilichozoea. Kitanguruma kama injini ya boti inayotoka Kamanga, sekunde chache tu, kisha moshi. Hapo usiombe radhi. Tazama dari, tikisa kichwa, useme, "Leo umeme umekuja mkubwa." Jirani yeyote aliye karibu atakuunga mkono bila kuuliza kimetokea nini.

Siku ya kuaga, mgeni atakuachia zawadi: adapta mpya, ndani ya pakiti yake, aliyoinunua uwanja wa ndege akaona haya kuitoa usije ukajisikia vibaya. Shukuru sana. Iweke kwenye kabati la kioo, kati ya glasi za harusi na birika la maua, pakiti usiifungue. Halafu mwite yule wa darasa la tano aulizwe kifuniko amekipeleka wapi.