Huyo Mbwa ni wa Nani?

Jana jioni nilituma kwenye kundi la WhatsApp la familia picha iliyonigharimu siku mbili, usiku mmoja wa kunguni Kitale, na suruali. Kwa dakika kumi hakuna aliyejibu. Kisha senge wangu, yaani shangazi, wa Shibale akaandika: "Huyo mbwa ni wa nani?"

Si mbwa. Ni nzohe. Ama tuseme nzohe alikuwa pale. Kilichobaki ni doa la kijivu ndani ya kijivu kingine.

Wenzetu wa nchi za baridi hupiga picha za paa wenye pembe za matawi wakiwa wamesimama thelujini. Theluji yetu Mumias ni majivu ya miwa iliyochomwa, nayo hushuka nyeusi, tena siku uliyoanika mashuka. Nikaufuata weupe ulio karibu: ukungu wa alfajiri kwenye kinamasi cha Saiwa, Trans Nzoia. Hiyo ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, kilomita tatu hivi za mraba, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe. Huyu ni swala wa majini. Kwato zake ni ndefu na zimeachana kama ndugu waliogawana shamba, ndiyo maana yeye hutembea juu ya tope ambalo mimi, kwa kuteleza kidogo tu kwenye daraja la mbao, nilizama hadi gotini. Akishtuka sana hujididimiza majini akaacha pua tu. Nilikaa juu ya mnara saa mbili nzima nikitazama kinamasi ambacho huenda kilikuwa kimejaa pua.

Mwishowe akatokea. Dume, pembe zimejisokota, manyoya yanachuruzika maji. Nikabonyeza mara arobaini.

Sasa, kipima mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Chenyewe hupima mwanga unaokirudia, kisha kinaamini kwamba dunia yote ukiikoroga katika sufuria moja itatoka kijivu. Kionyeshe theluji, kitaona mwanga umezidi, kitapunguza hadi theluji ifanane na simenti. Kionyeshe ng'ombe mweusi, kitaongeza hadi naye awe simenti. Dawa yake ni kukibishia: mbele ya weupe unaongeza mwanga, hatua moja au hata mbili, jambo ambalo akili timamu hulikataa. Mimi nilipoona ukungu unang'aa nikapunguza. Kwa hiyo tulikuwa wawili, mimi na mashine, tukimzamisha mnyama ambaye tayari ana kipaji cha kuzama.

Usiku nikaitoa picha ya harusi ya wazazi wangu. Mama yuko ndani ya gauni jeupe. Baba ni kola na meno. Miaka yote tumeicheka picha hiyo, na baba amecheka nasi. Kumbe gauni ndilo lililokuwa theluji. Mwanga ulipopunguzwa kwa ajili yake, uso wa baba ukaenda nao. Na filamu za zama zile hazikuwa na haraka ya kumwokoa. Kodak ilikuwa ikisambazia maabara kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu, maarufu kama Shirley, ili rangi zipimwe kwa ngozi yake. Waliosukuma filamu ibadilishwe ni pamoja na watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliolalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani pichani. Yaani kabati lilisikilizwa kabla ya baba yangu. Hapo sikucheka tena.

Nikazirudia picha zangu nyingine. Mbega wa Msitu wa Kakamega, mwezi uliopita: mkia.

Yangeyange wa kando ya Nzoia: mifuko ya plastiki, ile iliyopigwa marufuku mwaka 2017.

Jumamosi kuna harusi Matungu, na gauni, nasikia, lina mkia wa mita tatu. Senge amenitumia ujumbe asubuhi hii: nije na kamera, ila yule mbwa nimwache nyumbani.