Doto Hayupo

Mhazini wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa alinipigia simu alfajiri. Nikamwambia shikamoo, hakuitikia. Hapo nikajua kazi ipo.

"Baba, mashine yako imemla Doto."

"Kaenda wapi, mama?"

"Yupo hapa mbele yangu, anakunywa chai. Kwenye kompyuta ndiyo hayupo. Na Kulwa aliyemaliza deni lake juzi, anadaiwa laki nne."

Rejista ile niliiandika kwa mkono wangu: Python kwenye seva, JavaScript kwenye ukurasa anaoutumia mhazini. Ilikwishaniaibisha. Wiki ya kwanza iliwadondoshea wanachama wote sufuri ya mwanzo ya namba zao za simu. Ya pili, mzee mmoja alilipa hisa ya 5,000 na faini ya 3,000, akaandikiwa 50,003,000. Kisa ni kwamba kilichochapwa kwenye kisanduku JavaScript hukipokea kama maandishi, na ukiiambia ijumlishe maandishi na namba, inayabandika tu. Python ingegoma palepale. PHP ingetoa 8,000 bila maneno. JavaScript ilimfanya mzee wa watu milionea, naye akaomba risiti.

Lakini kumeza mtu mzima!

Nikafungua faili. Namba za NIDA za wanachama, yaani za kitambulisho cha taifa, zenye tarakimu 20, zilikuwa zinaishia na sufuri tatu tatu, kama bei za sokoni. Python haina neno na namba kamili ndefu, inaibeba ilivyo. JavaScript namba zake za kawaida ni za desimali, za biti 64, na namba kamili unaweza kuiamini hadi 9,007,199,254,740,991. Hizo ni tarakimu 16. Ikizidi hapo inakadiria, kama fundi aliyesahau futi nyumbani. Kwenye ukubwa wa namba ya NIDA inapanda ngazi zilizoachana kwa 4,096, na kila namba iliyo katikati inasukumwa kwenye ngazi ya karibu.

Sasa namba ya NIDA huanza na tarehe ya kuzaliwa. Pacha hao walizaliwa siku moja na kujiandikisha dirisha moja, mmoja nyuma ya mwenzake. Namba zao zilipishana mkiani tu, kwa mia chache. Wakaangukia ngazi moja. Mhazini alipobonyeza "hifadhi", wakawa mtu mmoja, mwenye deni.

Kosa ni langu. Namba ya NIDA ni namba kwa jina tu. Nani amewahi kujumlisha yake na ya jirani? Nilipaswa kuitunza kama maandishi tangu mwanzo.

Nilijaribu kujitetea kwa mhazini. Nikamsimulia roketi ya Ariane 5 ya Ulaya, ambayo tarehe 4 Juni 1996 ililipuka angani hata dakika haijaisha, kwa sababu programu yake ililazimisha namba ya biti 64 iingie kwenye nafasi ya biti 16. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Na hiyo nayo uliitengeneza wewe?"

Tarakimu zilizopotea hazirudi, kwa hiyo Jumapili nzima wanachama walipanga foleni na vitambulisho, nikichapa upya moja moja. Kulwa alikuwa wa kwanza, kama kawaida yake. Doto alifika jioni, akanivuta pembeni.

"Kaka, huwezi kuniacha hukohuko hadi mwisho wa mwezi?"