Foleni ya Upepo

Sisi watu wa Mlowo bahari tunaisikia redioni. Tunachokijua sawasawa ni lami ya TANZAM na malori yaliyojipanga kuelekea Tunduma, madereva wamevaa malapa, wanapika ugali ubavuni mwa tela wakingoja zamu ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Kwa hiyo nilipopanda jahazi Dar es Salaam na magunia yangu ya maharage ya Mbozi, mteja akiwa Kilindoni, Mafia, niliona nimeyaaga maisha ya foleni.

Maharage hayo yalikuwa yameshakula karibu kilomita 900 za barabara bila matata. Kutoka Dar hadi Mafia haifiki hata robo ya hapo. Ila ilikuwa maleleji: kusi imeishiwa nguvu, kaskazi haijaingia, upepo unavuma kidogo, unageuka, unalala. Tukatia nanga Kisiwa cha Kwale. Tukajikongoja hadi Koma, tukatia nanga tena. Nahodha, mzee wa Jibondo, alijilaza kivulini mwa tanga, akawa anafungua jicho moja kila baada ya muda kuikagua bendera. Bendera imelala, naye analala.

Mama akapiga simu kutoka Mlowo.

"Mmefika wapi?"

"Shikamoo mama. Tuko kisiwani, tumesimama."

"Marahaba. Chombo kimeharibika?"

"Kizima. Tunasubiri upepo."

Akanyamaza kidogo. "Sasa si mshuke msukume?"

Mabaharia waliniita Mbeya. Niliwaeleza kwamba kwetu ni Songwe, mkoa unaojitegemea tangu 2016, wakaitikia kwa adabu, kisha mmoja akasema, "Haya, Mbeya, tupishe tuvute kamba." Nikaona nijitetee kwa Kimondo, lile jiwe la tani nyingi lililoanguka kutoka angani, lipo Ndolezi mpaka leo. Nahodha akalifumbua na jicho la pili. "Sie nyota hutuonyesha njia," akasema. "Za kwenu zaanguka. Mtajuaje kusafiri?"

Chomboni kuna pande mbili za kukariri kabla hata ya jina la nahodha. Goshini ndiko upepo unakotoka, demani ndiko unakokwenda, na mwenye kutapika humwaga demani. Abiria mwenzangu, kijana wa Dar aliyetusimulia tangu bandarini kwamba boti za Unguja amezizoea, hakutaka kufundishwa. Mawimbi yalipoanza kutubembeza alikimbilia goshini, akainama. Upepo, uliokuwa umetususa tangu asubuhi, ukarudi kwa dakika hiyo moja tu, na wote tukapata mgawo wetu.

Kisha likaja suala la chakula. Jiko la jahazi ni debe lililokatwa, lina mchanga chini na mafiga matatu juu yake, na mpishi hulikumbatia kwa miguu lisihame. Samaki hawakushika ndoana, basi nikatoa maharage yangu kwa moyo mkunjufu. Sikujua kwamba baharini maji ya kunywa hupimwa kwa kikopo. Maharage makavu yanakunywa kuliko mabaharia sita. Saa zikapita, kuni zikapungua, pipa likashuka, sufuria likatokota, na kila nikionja ni mawe. "Mbeya," nahodha akauliza, "haya ni chakula au kimondo?"

Yakaiva jioni. Nilikuwa ndiyo nashika upawa upepo ulipoingia kwa kishindo. "Foromali!" nahodha akaitisha boriti ya tanga ipandishwe. Watu wote wakaruka kwenye kamba, tanga likajaa, jahazi likalala ubavu, na sufuria likaondoka kwa utulivu kabisa, likapita katikati ya miguu yetu na kujimwaga ngamani, chini kabisa ya chombo. Tangu hapo kila aliyeshuka kufua maji alipandisha ndoo ya maharage. Nyuma yetu samaki waliokataa ndoana mchana kutwa walifuatana kwa furaha.

Ndiyo maana nasoma habari za mabaharia wakubwa kwa jicho la wasiwasi. Mwaka 1976 mtumbwi wa tanga uitwao Hōkūleʻa ulitoka Hawaii hadi Tahiti, Bahari ya Pasifiki, bila dira, ukiongozwa na Mau Piailug wa kisiwa cha Satawal kwa nyota na mawimbi. Ilikuwa safari ya mwezi mmoja na ushei. Nyota zimeandikwa sana. Kinachonivutia mimi ni kwamba walikwama kwenye shwari karibu na ikweta, na mabaharia wakagombana. Kumbe! Hapo ndipo safari ilipo, katika kukaa watu wengi mahali padogo, hakuna upepo, na mtu mmoja anatafuna kwa sauti. Dereva yeyote aliyelala foleni ya Tunduma angefaulu Pasifiki bila mafunzo, ilimradi asibebe maharage.

Kilindoni tulifika alfajiri, maji yamejaa, wachukuzi wakaingia hadi viunoni. Magunia ya juu yalikuwa salama. Ya chini yalikunywa unyevu safari nzima, na mteja wangu, mama mmoja mfupi mwenye leso mbili na daftari, alipofungua la kwanza alikuta maharage yameota, vichipukizi vyeupe vimenyooka.

Akanitazama, akalitazama gunia.

"Mwanangu," akasema, "mie nimeagiza mboga. Shamba ninalo."