Mapumziko ya Chemchemi

Ujumbe uliingia saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa ndiyo kwanza navua buti za kazini: “Mzazi mpendwa, mapumziko ya chemchemi yanakaribia. Tafadhali jiandae mapema.” Nikausoma mara mbili. Mimi ni mtu wa Tanga, chemchemi naijua. Kule Amboni yapo maji ya moto yanayonuka kiberiti, na utotoni tulipelekwa kuyaoga ili upele utuishe. Nikamwambia mke wangu kwamba Wamarekani wana akili: baridi yote hii, wameona bora watoto wakajimwagie maji ya moto. Jumamosi nikanunua bukta ya kuogelea. Nje, hapa Ohio, theluji ilikuwa inaanguka.

Jumatatu yake nilimpeleka kijana wangu wa darasa la tatu, bukta juu ya suruali ya baridi, taulo begani. Shule ilikuwa imefungwa, na uwanja mzima hauna mtu ila bata mzinga mmoja wa mwituni, ambaye alitutazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Chemchemi, kumbe, ni majira. Ni kile kipindi kati ya baridi na joto ambacho kwetu hakina jina kwa sababu hakipo. Sisi tuna masika, kipupwe, vuli na kiangazi, na zinatutosha. Wapo wanaokiita masika, lakini mimi masika yasiyo na kumbikumbi siyatambui.

Nieleze kidogo. Nilikosoma mimi, habari za shule zilifika nyumbani kwa njia mbili. Ya kwanza ni mtoto kutangaza usiku wa Jumapili kwamba kesho kila mwanafunzi aje na fagio la chelewa. Ya pili ni mzazi kuitwa, na mzazi akiitwa hakuna aliyeuliza kama ni heri au shari. Huku wilaya ya shule inaandika kwa simu, kwa barua pepe, kwa karatasi zinazojikunja chini ya begi pamoja na ganda la ndizi, na jioni inapiga yenyewe kwa sauti ya mwanamke asiyevuta pumzi. Ikifika Machi ndiyo hailali: maombi ya kambi za kiangazi, basiketi ya wasichana, madarasa ya kusoma, vyakula vya likizo, picha za darasa. Ni fursa kwelikweli, tena nyingi ni za bure. Zote hutafsiriwa na kompyuta katika Kiswahili ambacho kila neno lake nalijua, nikiyaunganisha sijui kitu.

Wiki mbili kabla ya aibu ya bukta ilikuja “Wiki ya Roho”. Jirani yetu, mama mmoja wa Bukavu anayesali kanisa la wokovu, alibisha hodi simu ikiwa mkononi kama ameshika nyoka. “Baba, njo nini hii? Banaita roho ku masomo?” Tukasoma pamoja. Jumanne kulikuwa na “nywele za wazimu”. Jumatano watoto waje “wakiwa mapacha”. Jumatatu haikueleweka kabisa. Ilisema “siku ya kulala vizuri”. Mama akasema roho anayeleta wazimu na mapacha anamfahamu, na akaondoka kwenda kufunga na kuomba. Mimi nilichukua njia ya upole. Ilikuwa Machi 2024, Ramadhani ndiyo imeanza, nikawaza pengine shule imeamua kuheshimu dini zote. Jumatatu nikamvisha kijana kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya mkono aliyonunuliwa na babu yake. Wa jirani walivaa suti za Jumapili na tai, na mdogo wao alibeba Biblia.

Ilikuwa siku ya kwenda shule na nguo za kulalia. Hiyo Wiki ya Roho ni wiki ya kushangilia shule tu, roho kwa maana ya ari. Watoto wote walikuwa na pajama za dubu na vibwengo. Wa jirani walionekana kama wajumbe wa benki waliokuja kudai mkopo. Wangu alirudi na cheti chenye nyota ya dhahabu: Pajama Bora ya Darasa. Kimebandikwa kwenye friji mpaka leo. Babu yake hajaambiwa.

Baada ya hapo ikaja “Msako wa Chekechea”. Binti yangu alikuwa anafikisha miaka mitano, na wilaya ikatualika kwenye msako huo na cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na bili ya kuthibitisha makazi. Sijui nani aliona vyema kuandikisha watoto wa chekechea kwa neno la wachunga ng'ombe wanaoswaga mifugo zizini, maana kwa Kiingereza ndivyo shule nyingi zinavyokuita. Lakini jaribu kulituma kwa Kiswahili kwenye jengo lililojaa watu waliopita kambi za wakimbizi. Jioni ile taa zilizimwa mapema ghorofa nzima. Ilibidi mke wangu apite mlango kwa mlango akieleza kwamba hakamatwi mtu, kuna juisi na vibandiko.

Aprili shule zikafungwa kwa sababu ya jua. Tarehe 8 mwaka ule kivuli cha mwezi kilipita juu ya Ohio, giza likaingia saa tisa na kitu mchana, saa zilezile mabasi ya njano yanaporudisha watoto, na wilaya nyingi zikaona heri wabaki nyumbani. Ujumbe huo, nakiri, ulitafsiriwa vizuri. Aliyekataa kuuelewa ni mama yangu. “Shule zimefungwa kwa sababu ya jua?” aliniuliza kwa simu kutoka Tanga. “Basi nyinyi msingesoma hata siku moja.” Nikamwambia kupatwa kamili kama huko hakutarudi Ohio mpaka mwaka 2099. Akaniambia nisitafute visingizio, niwafundishe watoto hesabu.

Lakini kilichonimaliza ni saa.

Saa za huku zina mambo yake. Jumapili ya pili ya Machi karibu nchi nzima inasogeza mishale mbele, isipokuwa Hawaii na sehemu kubwa ya Arizona, na wiki nzima watu wanatembea kama wamekunywa dawa ya kikohozi. Hilo nililizoea. Mwisho wa Aprili ukaja ujumbe: “Wanafunzi wataachiliwa mapema saa 1:30 mchana.” Kuachiliwa nilielewa, mwanangu hulisema neno hilo kama mfungwa wa kweli. Ila saa moja na nusu mchana? Katika maisha yangu saa moja na nusu nimeiona asubuhi na nimeiona jioni, mchana sijawahi kukutana nayo. Nikahukumu kwamba kompyuta imekosea, ni jioni, labda kuna michezo. Nikitoka shifti ya usiku hulala kama gogo. Nikalala.

Nimeamka saa kumi, simu zisizopokelewa tisa. Tunakaa karibu mno na shule kiasi cha kunyimwa basi, mzazi lazima afike mwenyewe. Nimefika na ndala mguu mmoja, kiatu mguu mwingine. Kijana yuko ofisini anakula biskuti, na karani kashapakata mkoba wake, tabasamu limechoka. Wamarekani walimaanisha saa saba na nusu. Kompyuta ilitafsiri maneno, tarakimu ikaziacha vilevile.

Kikao cha wazazi na walimu kilikuwa wiki iliyofuata. Vikao vya nyuma mkalimani wangu alikuwa ni mwanafunzi mwenyewe. Mwalimu angesema dakika mbili kwa mikono na nyusi, kisha kijana ananigeukia: “Amesema vizuri.” Safari hii mwalimu akapiga namba, ikasikika sauti ya mama wa Kimombasa: “Baba, mwalimu asema kijana wako ni mwerevu, ila darasani azungumza kama kasuku, na vitabu vitatu vya maktaba havijarudi tangu Januari.” Kijana akaanza kuchunguza kamba za viatu vyake. Yule mama akanieleza kwamba mkalimani ni haki yangu, bila malipo, na inatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Mtoto hapaswi kufanywa mkalimani wa mzazi wake. Miaka miwili nilikuwa namlipa mwanangu kwa aiskrimu.

Nikapandwa na ari, ile roho yenyewe. Nikamwomba yule mama amwambie mwalimu kwamba matangazo ya Kiswahili nitayapitia mimi, bure, kabla hayajatumwa. Walifurahi mno. Kazi ya kwanza nilikaa na mama wa Bukavu mezani kwangu, tukabishana nusu saa juu ya neno moja, yeye akitaka “masomo”, mimi “shule”. Tukaokoa mengi. Tuliwaandikia wazazi kwa lugha ya binadamu juu ya zile dola 120 za chakula ambazo serikali ya shirikisho ilianza kutoa mwaka huo, kwa kila mtoto anayestahili, wakati wa likizo ndefu. Majimbo kadhaa yalizikataa. Ohio ilizikubali, na bila tangazo linaloeleweka kadi ile ingeishia jalalani na makuponi ya piza. Msako ukawa uandikishaji. Wiki ya Roho ikawa Wiki ya Hamasa, mama akasema Amina.

Tangazo la mwisho lilikuwa la siku ya kufunga shule. Niliandika kwa uangalifu wa mtu aliyeungua: “Watoto watatoka mapema, saa 7:30 mchana.” Nikalituma Alhamisi usiku, nikaenda kazini nikipiga mluzi.

Ijumaa asubuhi karani akanipigia, ana furaha. Tafsiri ni nzuri sana, akasema, kila mtu anaisifu. Aliona tu kwamba saa haikufanana na ya Kiingereza, akajua ni uchovu wa kazi za usiku, kwa hiyo nisijali, amekwisha kunirekebishia na ujumbe umeshakwenda kwa wazazi wote.