Mugongo Inakatala

Lubumbashi husifu vikubwa vyake. Wazee husifu bomba la moshi la Gécamines na mlima mweusi wa masazo ya shaba ulio kando yake. Vijana husifu TP Mazembe, na hasa Robert Kidiaba, yule golikipa aliyekuwa akirukaruka kwa makalio kule Abu Dhabi mwezi Desemba 2010, mji mzima ukipiga kelele. Nami nilipiga kelele, ila kwa sababu nyingine: kila Kidiaba alipotua, pingili zangu za kiunoni zilitua pamoja naye. Sijasikia mtu akisimama mbele za watu kuusifu mgongo mbovu. Nadhani ni kwa kuwa wanaoujua vizuri hawawezi kusimama kwa muda mrefu. Basi nitausifu nimekaa.

Natafuta dhahabu kwa detekta. Ni fimbo yenye sahani chini na waya wa masikioni juu. Sahani hupeleka mawimbi ya sumaku ardhini, na metali iliyolala humo hujibu kwa mlio. Ndivyo inavyoelezwa dukani. Porini mambo ni mengine, maana bulongo yetu nyekundu ina chuma ndani yake na hujibu hata isipoulizwa. Mashine yenyewe, aina nyingine, hupita kilo 3. Kilo 3 si mzigo kwa mama anayetoka sokoni na gunia kichwani, lakini zipepee kushoto na kulia tangu asubuhi hadi jua la utosi, kisha uiname kuchimba, uinuke, uiname tena. Hapo ndipo mgongo wangu unapochukua madaraka.

Mtaniuliza: dhahabu Katanga? Huku si kwa mukuba, yaani shaba? Ni kwa mukuba, ndiyo, lakini dhahabu ilitangulia kulipa. Mwanzoni mwa karne ya 20, kabla tanuru la hapa mjini halijawashwa, watu wa kampuni ya Tanganyika Concessions walikuwa tayari wanachimba dhahabu Ruwe, karibu na Kolwezi. Aliyewaongoza kuizunguka nchi hii na kuyatambua machimbo yake ni Mwingereza George Grey, mtu wa nguvu, ambaye historia haimtaji kuwa aliwahi kulalamikia kiuno. Mwanzoni mwa 1911 alimfukuza simba kwa farasi katika nchi ambayo leo ni Kenya. Simba akageuka. Grey akafia Nairobi, miezi michache tu kabla ya tanuru la Lubumbashi kutoa shaba yake ya kwanza. Mgongo mbovu haupandi farasi, sembuse kumfukuza simba. Laiti angekuwa nao.

Mimi huenda na mpwa wangu, yeye na jembe, mimi na masikio. Kadi ya mchimbaji ninayo na ushirika ninao, kama sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inavyotaka. Mgongo nao una sheria yake, yenye kifungu kimoja tu: shimo lisipite goti. Mashine ikilia, kijana hurukaruka.

“Mujomba, inalia! Inalia sana! Tuchimbe?”

Nainama kidogo, nausikiliza mlio, kisha nausikiliza mgongo. “Leka. Mugongo inakatala.”

Zamani alidhani ni uvivu. Nikamfundisha hesabu ya jambo hili, nami nilifundishwa na maumivu. Punje ya dhahabu ni kitu kidogo. Mashine huisikia ikiwa karibu, kina cha kiganja au zaidi kidogo, na mlio wake ni mwembamba kama wa mtoto anayeota. Kitu kinachopiga kelele kutoka chini kabisa, kinachokuita kwa jina na kukuahidi nyumba ya ghorofa, mara nyingi ni chuma kikubwa. Kwa hiyo mgongo unaokataa mashimo marefu umekwisha kukataa chuma, bila betri na bila vitufe. Mara moja tu niliuasi. Tulichimba tangu saa tatu hadi saa nane, tukatoa nusu ya rimu ya lori. Nilirudi nyumbani nimelala nyuma ya baiskeli kama gunia la makala, na siku nne zilizofuata nililijua dari letu kuliko fundi aliyelijenga.

Halafu kuna baraka ya kupumzika. Mwenye kiuno kizima hupumzika akichoka. Mimi hupumzika kwa ratiba, kila nusu saa, nimeegemea kichuguu. Nanyi mnavijua vichuguu vyetu, vingine vimeupita urefu wa nyumba. Mchwa wamepandisha udongo kutoka chini, chembe kwa chembe, na hakuna hata mmoja aliyeinua mzigo usio wa kimo chake. Ukiegemea hapo unaona mambo ambayo mwenye haraka hayaoni: mahali maji ya mvua yalipopita, mahali mawe meupe yalipojikusanya, mahali miti ya miombo ilipokataa kuota na vimaua vya udongo wa shaba vikakubali. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Wengi huielewa “hulia” kuwa ni kula. Mgongo wangu huielewa kuwa ni kulia, na siku nyingine sote watatu, mimi, mgongo na mashine, hulia kwa pamoja.

Sifa nyingine ni ujamaa. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 619 waliumwa na sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020. Nionyesheni chama cha siasa hapa Kongo chenye wanachama wengi hivyo, wote wamelipa ada, na wote wameinamisha vichwa bila kuamriwa.

Mama watoto ana hoja yake, na haki inanitaka niitaje. Anasema mgongo huu una ujanja: Jumamosi hukataa kubeba makala kutoka barabarani, Jumapili hukubali kutembea porini kutwa nzima. Namjibu kwamba madaktari wenyewe wanasema kutembea humfaa mwenye kiuno kuliko kulala kitandani. Anajibu kwamba njia ya kwenda kwenye makala nayo hutembewa kwa miguu. Hapo huwa naenda kuisafisha mashine.

Kuna siku lakini sicheki. Mwezi Juni 2019, karibu na Kolwezi, udongo uliporomoka mgodini ukawaua wachimbaji zaidi ya 40. Vijana hawa wetu hushuka kwa kamba mita nyingi, wanapanda na mifuko ya mawe, wanashuka tena, na jioni hunywa lutuku ili wasiusikie mwili ukisema. Walioshuka siku ile hawakuwa na mgongo wa kuwakataza. Ningetamani kila mmoja wao angeamka asubuhi ile na kiuno kilichokaza, akatukana, akashindwa kuvaa viatu, akabaki nyumbani.

Mavuno yangu ya misimu miwili haya hapa, maana msifiaji asiyeonyesha mali haaminiki: vifuniko vya bia ya Simba na ya Tembo, vimejaa ndoo moja, makopo ya dagaa, misumari, spoku za baiskeli, maganda ya risasi ya zamani ambayo nimeyaacha yalipokuwa, kijiko kimoja kizuri ambacho mama watoto amekichukua, na punje moja ya dhahabu, ndogo kuliko punje ya mchele, iliyotoka kwenye shimo ambalo halikufika hata kifundo cha mguu. Mlio wake ulikuwa mdogo mno, na mpwa wangu alikwisha kupita. Niliusikia kwa sababu nilikuwa nimesimama hapo nikisubiri kiuno kiachie.

Mpwa huyo sasa amepata kazi Kasumbalesa. Kwa hiyo natafuta kijana wa kushika jembe mvua zitakapoanza mwezi Novemba. Malipo ni bukari, sombe, na nusu ya dhahabu itakayopatikana. Awe mvumilivu, awe na masikio mazuri, na mgongo wake uwe na kasoro kidogo.