Tahadhari Kabla ya Kufungua The Da Vinci Code

Riwaya hii ya Dan Brown ilitoka mwaka 2003, na tangu hapo imewakosesha usingizi watu wazima wenye akili zao. Kama hujaigusa, soma kwanza masharti haya.

1. Usiianze usiku wa kuamkia siku ya kazi. Ina sura zaidi ya 100, nyingi fupi mno. Utajiapiza: sura moja tu, nilale. Mwandishi anakungoja hapo hapo. Profesa Langdon, shujaa wa riwaya, anaona jambo, anaduwaa, na sura inakatika kabla hujaambiwa kaona nini. Inayofuata inakuhamishia kwa mtawa muuaji kwingineko Paris. Ukisikia adhana ya alfajiri, funika kitabu ukaoge.

2. Usibishane na marehemu. Jacques Saunière, msimamizi wa makumbusho ya Louvre, ana risasi tumboni na dakika chache za kuishi. Badala ya kuandika kwa ufupi nani kampiga, anavua nguo, anajilaza kwa mkao wa mchoro maarufu wa Leonardo, na kuacha sakafuni namba za Fibonacci alizozivuruga kwa makusudi. Kubali yaishe. Angeandika jina la muuaji, kitabu kingeishia ukurasa wa kumi.

3. Jihadhari na ukurasa wa mwanzo unaojiita ukweli. Unadai kwamba Priory of Sion ni jumuiya ya siri iliyoanzishwa mwaka 1099. Iliyopo kwenye kumbukumbu ilisajiliwa Ufaransa mwaka 1956, na mmoja wa waasisi wake ni Pierre Plantard. Hati za kuipa ukale zilipenyezwa katika Maktaba ya Taifa ya Paris miaka ya 1960. Jumuiya ya siri iliyokwenda kujiandikisha serikalini! Usiku iamini kwa moyo wote, utamu uko hapo. Kukicha, usiitetee mezani kwa shemeji.

4. Usiingie nacho kanisani. Saint-Sulpice, Paris, walichoshwa na wasomaji wa riwaya hii waliokuja kupapasa mstari wa shaba sakafuni, hadi wakabandika tangazo: hapa hapakuwa na hekalu la kipagani, na mstari huo ni chombo cha falaki. Wasomaji wakalisoma tangazo, wakatazamana, wakajua kuna kinachofichwa.

5. Tambua dalili mapema. Mgonjwa huanza kuhesabu pembe kwenye nembo ya benki, kisha hugeuza khanga ya mkewe juu chini akitafuta ujumbe wa pili, wakati ule wa kwanza, uliochapwa wazi, unamhusu yeye. Akifika hapo, mnyang'anyeni kitabu.

6. Usijidai una kinga. Waandishi Michael Baigent na Richard Leigh walimshtaki mchapishaji jijini London, wakidai Brown ameiba kiini cha kitabu chao. Ndani ya riwaya yumo mzee Leigh Teabing. Panga upya herufi za Teabing, utampata Baigent. Mwaka 2006 Jaji Peter Smith aliitupa kesi yao. Baadaye ikagundulika kwamba ndani ya hukumu yenyewe jaji alitawanya herufi za mlazo, zikiunda fumbo lake mwenyewe. Wakili mmoja alilifumbua kwa jasho, akakuta linamhusu Jackie Fisher, admirali wa Uingereza, na manowari yake Dreadnought, mambo yasiyohusiana na kesi hata chembe. Ikiwa Jaji wa Mahakama Kuu aliambukizwa kazini, wewe wa kitandani utapona kwa dawa gani?